Wamemwalika Baba

Sosiot, Jumanne jioni

Dada yangu Awuor,

Nakusalimu sana, wewe na wote mlio hapo nyumbani. Mguu wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilifika, au imekwama tena kwa Mjomba? Na kifua chako je, na watoto wanaamka salama? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua inanyesha kila mchana. Wiki iliyopita ilianguka ya mawe, ikachanachana majani ya chai mashambani, na kiwandani tumekaa siku tatu tukiangalia mashine zilizolala. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo. Yaliyobaki yote ni hasira, kwa hivyo kama umesimama, tafuta mahali ukae.

Sikukupigia simu kwa sababu yako huwa unaiweka sauti ya nje na boma zima linasikia. Halafu mimi mwenyewe ningeongea dakika moja tu nianze kutukana. Mwalimu Were anakuja Butere kwa mazishi ya shemeji yake, nitampa barua hii mkononi. Isome peke yako kwanza.

Unakumbuka wakati wa Krismasi nilikwambia kuhusu klabu yetu ya nyimbo za asili. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, kwenye ghala la zamani la maziwa. Mwenyekiti ni Mzee arap Langat, mwenye shamba la chai na ng'ombe wawili, ambaye hupiga chepkong'o, kile kinubi cha Wakipsigis. Nusu ya wanachama ni wenyeji, nusu ni sisi tuliokuja kutafuta kazi viwandani. Mimi sipigi chochote. Mimi ni katibu, naandika kumbukumbu na kupanga viti. Kwa nini nilijiunga, sijawahi kukwambia. Nilikuwa napita hapo nje nikasikia nyuzi, miguu ikakataa kuendelea. Nilijidanganya ni uchovu wa kazi.

Basi kila mwaka shule zikifungwa tunaalika wageni waje kutupigia. Mwaka huu tulipanga watatu. Wa kwanza ni kikundi cha akina mama kutoka upande wa Bomet wanaoimba nyimbo za arusi, na wa pili ni mzee mmoja wa Sigowet anayepuliza filimbi mpaka unasahau njaa. Wa tatu aliletwa na Madam Chebet, mwalimu wa shule ya msingi hapa, ambaye ni makamu wa mwenyekiti.

Kwenye mkutano alitoa simu yake, akasema, "Huyu tukimpata, watu watatoka mpaka Chepseon kuja kumwona. Anaitwa Mzee Nyuzi Nane. Anapiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ajabu."

Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliona mzee wa kofia amekaa chini, ameinamisha shingo upande wa kushoto, ameuma mdomo wa chini. Dada, ni wewe yule. Ni wewe ukipitisha uzi kwenye sindano. Chini ya video waliandika jina lake halisi, Omolo, na kijiji chake. Kijiji kile kile alikotutoa Mama akaturudisha kwa wajomba, mimi nikiwa mgongoni.

Nilirudisha simu kwa mwenyewe. Wote waliinua mikono kumkubali, na mimi nikaandika kwenye kitabu kwamba wote wamekubali. Kisha wakaniambia, katibu, mpigie mgeni, na uandike mabango.

Nilimpigia kesho yake saa ya chakula, nikiwa nyuma ya kiwanda pale tunapoanika aproni.

"Halo, mimi ni katibu wa klabu ya Sosiot," nikasema.

"Eeh, binti yangu! Nimengoja simu yako. Hapo kwenu kuna baridi, sivyo? Nitataka blanketi mbili. Vidole vikishikwa na baridi havichezi."

Binti yangu. Najua wazee wote husema hivyo, hata wauza makaa.

"Tutakuwekea blanketi," nikasema.

"Vizuri. Na wewe unaitwa nani, binti yangu?"

"Akinyi."

"Akinyi! Hilo ni jina la mama yangu mzazi."

Nilingoja, Dada. Nilishika ile simu kwa mikono miwili nikangoja. Jina la mama yake alinipa yeye mwenyewe, Mama hutuambia hivyo kila siku. Nilimsikia akinywa kitu, akakohoa. Kisha akasema, "Basi Akinyi, una kalamu hapo? Andika mambo yangu, mtayasoma kabla sijaanza kupiga."

Akanisomea mahali alipopiga, wakubwa aliowapigia, redio zilizomhoji. Halafu akasema hivi, na sikuongeza neno: "Andika sikuoa. Nyatiti ndiyo mke wangu, na nyuzi zake nane ndizo watoto wangu. Hapo watu hupiga makofi, utaona."

Niliandika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliandika kama karani aliyelipiwa karo vizuri, na herufi zikatoka zimenyooka.

Nyuzi nane ndizo watoto wake! Na sisi wanne tulikuwa nini, mbuzi wa jirani? Ochieng aliyekuwa akigombana na wenzake shuleni kila wakisema hana baba? Anyango aliyeolewa bila mtu wa kusimama upande wake? Wewe uliyetoka darasa la saba ukaenda kulima mashamba ya watu pamoja na Mama, ili mimi nisome mpaka nishike hiyo kalamu ninayomwandikia sifa? Sijui mara ngapi amesema maneno hayo mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Kila kofi moja ni la shavu la Mama.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nilienda shambani kwa Mzee arap Langat. Alikuwa akichuna mwenyewe, kikapu mgongoni, kwa sababu mawe ya mvua yalikuwa yamebakiza machipukizi machache tu.

"Chamgei, Akinyi," akasema. "Umekuja kunisaidia au kunililia?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya chai. Hakunikatiza. Aliendelea kuchuna kwa vidole bila kuangalia, kisha akatua kikapu chini.

"Madam Chebet anajua?"

"Hakuna anayejua. Nimekwambia wewe tu."

"Basi Jumapili waambie wenyewe. Mimi nikisema, itakuwa maneno yangu. Sema wewe."

Jumapili tulikaa watu watano wa kamati kwenye meza moja. Nikasema mgeni wa tatu ni baba yangu, alituacha nikiwa natambaa, na sitaki asomewe uongo huu nilioandika kwa mkono wangu. Madam Chebet akavua miwani.

"Pole, Akinyi. Lakini mabango yamebandikwa. Na mambo ya nyumbani si ya jukwaani. Mtu anaweza kuwa baba mbaya na mpigaji mzuri."

"Sijasema hajui kupiga," nikamwambia.

"Halafu una hakika ni yeye? Omolo ni wengi. Hata wewe ulikuwa mtoto mchanga, hukumbuki sura yake."

Dada, nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu ni mwalimu wa watu. Kisha nikatoa simu, nikaiweka katikati ya meza, nikabonyeza sauti ya nje, nikampigia.

"Binti yangu Akinyi!" akasema kwa furaha. "Blanketi zimepatikana?"

"Mzee, mimi si binti wa kuitwa tu hivyo. Mimi ni Akinyi wako. Yule uliyemwacha mgongoni kwa mama yake."

Tulisikia kuku wakilia huko alikokuwa. Tulisikia akivuta pumzi. Kisha akasema, sauti imeshuka kabisa, "Nekesa ndiye amekutuma?"

Sikuwa nimetaja jina la Mama. Si siku hiyo, si kwa mtu yeyote pale. Madam Chebet aliangalia meza, akavaa tena miwani yake.

"Hakuna aliyenituma," nikasema. "Mama hajui kama uko hai."

"Na yule mkubwa, Awuor. Bado yuko? Alikuwa akinishikia nyuzi nikizikaza. Alikuwa na mikono mizuri."

Nimefikiria sana kama nikuandikie hilo au nikunyime. Nimeliandika kwa sababu ni lako, si langu. Mimi hakuwa na chochote cha kukumbuka juu yangu. Lakini usikubali likulainishe, nakuomba. Mtu anayekumbuka mikono ya mtoto wake na bado anasema watoto wake ni nyuzi, huyo ni mbaya kuliko aliyesahau.

Nilimwambia, "Yuko. Mikono yake imepasuka kwa jembe."

"Ni mambo ya zamani," akasema. "Mimi ni mtu wa muziki, Akinyi. Muziki hauachi mtu akae. Tutaongea nikija. Lakini hao watu wa klabu usiwaambie, tafadhali. Wataniangalia vibaya."

"Wako hapa mezani, Baba. Wanakusikia."

Akakata.

Neno lile, Baba, lilitoka lenyewe. Sikuwa nimepanga. Nilichukua simu yangu pale mezani, na Mzee arap Langat akanisogezea kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Aje," mzee akasema. "Simfukuzi. Lakini Akinyi ndiye atakayemkaribisha, na atawaambia watu ni nani."

Madam Chebet hakubisha. Akaniambia taratibu, "Nisamehe. Nilidhani ni maneno tu." Nilimjibu nitamsamehe baadaye, leo sina nafasi.

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kengele ya kwanza ya shule, yule Nyuzi Nane alimpigia Madam Chebet. Hakunipigia mimi. Alisema ameshikwa na kifua na daktari amemkataza kwenda kwenye baridi, kwa hivyo tumtafutie mwingine. Akatuombea baraka! Akasema tumsalimie katibu!

Amekimbia mara ya pili, Dada. Mara ya kwanza alikimbia mke na watoto wanne. Safari hii amekimbia mwanamke mmoja mwenye kipande cha karatasi. Na nikuambie kitu kingine ambacho kinanitia hasira juu yangu mwenyewe: nilikuwa namtaka aje. Nilikuwa nimeshapiga pasi ile nguo ya samawati. Nilitaka kuona vidole vyake vikicheza, mara moja tu, kisha nimchukie vizuri nikiwa namjua. Hata hilo amelichukua akaenda nalo.

Leo nilipotoka kazini nilichukua kalamu ya wino mzito nikapita kila mahali tulipobandika mabango, nikifuta jina lake. Penye mashine ya kusaga, penye lango la kanisa, kwa muuza nyama. Watu walikuwa wengi sokoni, wakiniangalia. Bango la mwisho limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda cha mama mmoja anayeuza sukuma wiki, na upepo ulikuwa ukiipeperusha karatasi, wino haushiki.

"Mbona unamfuta?" akaniuliza. "Kwani amekufa?"

"Hajafa," nikamjibu. "Ni mzima kabisa. Ni baba yangu, na ameogopa kuja."

Tangu nizaliwe sijawahi kutamka hivyo mbele ya mtu nisiyemjua. Huko kwetu tulifundishwa kusema baba yuko Mombasa kazini. Yule mama aliweka chini kisu chake cha kukatia mboga, akaja akaweka kiganja nyuma ya karatasi ili isipepee. Nikafuta mpaka jina likaisha.

Wageni wawili waliobaki watakuja, akina mama wa Bomet na yule mzee wa filimbi. Viti nitapanga kama kawaida.

Sasa kuhusu Mama. Najua utasema tumwache apumzike, mguu unamtosha. Mimi sikubali. Miaka yote hii amedanganya kanisani kwa ajili ya mtu yule, na kila mtu alijua anadanganya, na kila mtu akanyamaza. Kwa hivyo akiuliza nimeandika nini, mwambie. Asipouliza, mwambie pia. Mwambie yuko hai, ana kofia nzuri, na aliposhtuka jina la kwanza kumtoka mdomoni lilikuwa lake. Alichukue vile anavyotaka. Akilia, akae alie. Akicheka, cheka naye.

Nisalimie shemeji yangu fundi wa baiskeli, na umwambie koti lake nimelipata. Nisalimie bibi yetu Kukhu, umsemee kwa sauti kubwa kwenye sikio la kulia. Mjomba mzee msalimie pia, lakini umuulize ile dawa ya mguu. Ochieng usimwambie chochote bado, kwa sababu atapanda gari kwenda kumtafuta yule mzee, na mimi sitaki kaka yangu afungwe kwa ajili ya mtu asiyestahili hata nauli.

Nikimaliza kuandika nitaosha nguo za kazi, kesho naingia zamu ya asubuhi. Niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nataka kuona mwandiko wako.

Ni mimi mdogo wako,
Akinyi wa Nekesa