Pesa za Kioko na Jembe Langu

Jumamosi, 3 Septemba 1977

Nimeteka maji, nimelisha kuku, nikashuka mjini Wote mbio. Mani oda ya kwanza! Karani wa posta alisema nitie sahihi, nikaandika jina la Kioko nyuma ya langu. Mara ya kwanza tangu harusi yetu kanisani. Nikazichora herufi moja moja, polepole. Karani akauliza kama nimesoma. Nimemaliza kidato cha nne, bwana! Ni furaha tu.

Jasho la mume wangu huko bandarini Mombasa limenifikia likiwa noti. Nilizinusa. Zinanuka posta. Nimezibusu hata hivyo.

Jumatano, 7 Septemba

Nyumba imebadilika. Kuna mahindi ndani ya gunia, na mafuta ya taa. Ndinda, dada mdogo wa Kioko, amelipiwa karo na hatarudishwa nyumbani muhula huu. Jana alirudi shuleni akiimba. Mama mkwe wangu, ninayemwita Mwaitu kama Kioko anavyomwita, ameacha kuchoma makaa. Leo asubuhi alikaa tu mlangoni, mikono mitupu, kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Kisha akacheka peke yake.

Kioko ameahidi kutuma kila mwezi. Kila mwezi! Sijui kama kuna mwanamke mwenye bahati kuliko mimi Ukambani kote. Sidhani.

Jumanne, 13 Septemba

Wazo zuri. Mwaitu ana goti bovu, na kila Jumanne na Alhamisi lazima aende mwethya, kikundi cha wanawake kinachochimba shamba la huyu leo, la yule kesho. Zamu yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Tunahitaji matuta sana. Shamba letu liko mteremkoni, na mvua ya mwaka jana ilibeba udongo pamoja na mbegu. Njaa iliyofuata ndiyo iliyompeleka Kioko Mombasa. Bila matuta kabla ya mvua, tutapanda tena kwa ajili ya mto.

Lakini kwa nini goti la Mwaitu liteseke na pesa zipo? Nimempa Ndinda pesa za kibarua ampelekee Mama Mutheu, mwenyekiti wa kikundi, zichukue nafasi ya Mwaitu. Mwaitu aliniuliza, "Watafurahi kweli, mwanangu?" Nikamwambia watafurahi sana. Akasugua goti. Alikuwa amechoka.

Mimi mwenyewe ningeweza kwenda. Lakini nadarizi vitambaa vya viti. Kioko na Mwende, kwa uzi mwekundu, na ua katikati. Na Kioko anapenda viganja vyangu jinsi vilivyo laini.

Alhamisi, 15 Septemba

Mama Mutheu amepita. Aliziweka pesa juu ya kitambaa changu, pale kwenye ua. "Hizi zimepotea njia," alisema. "Nimezirudisha kwao." Chai hakutaka.

Nafikiri ameona haya kuzichukua. Watu wa hapa ni wema mno!

Alhamisi, 22 Septemba

Leo ilikuwa zamu yetu. Nilipika isyo chungu kizima. Mahindi, maharagwe, na kitunguu cha kukaanga kwa sababu tuna uwezo. Niliazima sahani kwa jirani. Jua likapanda. Hakuna mtu. Jua likafika kichwani. Hakuna mtu. Nikasikia nyimbo zao ng'ambo ya bonde, wanachimba kwingine.

Ndinda amekula mpaka akalala. Chungu bado kimejaa.

Nimelia kama mtoto.

Ijumaa, 23 Septemba

Mwaitu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba mume wake alipofariki, hakukuwa na shilingi ndani ya nyumba, na wanawake wale wale walimchimbia shamba lote. Yeye naye akawachimbia wao. Hajawahi kukosa hata akiwa na mimba ya Ndinda, aliyoachiwa na marehemu. "Nilijua," alisema. "Lakini goti lilitaka kukuamini."

Naona aibu mpaka masikioni. Nilimnunulia mapumziko kwa kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa.

Nilijaribu kuchimba tuta mwenyewe. Ardhi ni kama sakafu ya kanisa. Sisi wawili hatutamaliza hata nusu. Mvua ni mwezi ujao.

Jumanne, 27 Septemba

Nimekwenda. Jembe la Mwaitu begani. Nikajipanga mwisho wa mstari. Hakuna aliyenisalimu. Walikuwa wakiimba na kutunga papo hapo, kama kawaida yao, na nikasikia ubeti mpya:

Bibi wa mani oda,
noti yako imeshika jembe?

Wakacheka mpaka majembe yakasimama. Nilichimba nikitazama chini. Malengelenge mikono yote miwili.

Alhamisi, 29 Septemba

Tena. Nimefunga viganja kwa kitambaa cha Kioko na Mwende. Ua limejaa damu na vumbi. Ubeti ule ule. Safari hii nilijibu. Sijui nilipata wapi ujasiri:

Noti imelala sandukuni,
mwenyewe ndiye huyu anatoka jasho!

Kisha Mama Mutheu akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni. "Kumbe ana mdomo!" Wakati wa kupumzika akaniita. "Mke wa Kioko, anayekosa mwethya hulipa faini. Utaleta sukari ya uji wa kila mtu." Akaongeza, "Na goti la mama yako tunalijua. Lilikuwa letu kabla halijawa lako. Anayeleta jembe la nyumba, ameileta nyumba."

Kumbe ningeuliza tu.

Jumatatu, 3 Oktoba

Mani oda ya pili. Kioko wangu hakosei! Nimebusu noti moja tu, nilikuwa na haraka. Karo, mahindi, dawa ya goti. Na sukari, nimeibeba kichwani kutoka Wote. Sijawahi kubeba kitu kizito kwa furaha hivi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Wamekuja! Wote! Walijaa mteremkoni wakitupa udongo juu, tuta baada ya tuta. Mwaitu alikaa penye uji akikoroga na kuamrisha kama chifu. Walikunywa, wakaomba tena. Mama mmoja alisema kwa utamu huu nikose tena mwezi ujao. Sikosi ng'o.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mvua. Mvua kubwa. Tulisimama mlangoni sisi watatu, tumeshikana. Maji yalishuka kutoka juu yakipiga kelele, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakatulia. Yakatulia! Mwaitu alisema "Asante Yesu" mara nyingi, kisha akaanza kunichezea mabega, na goti lake bovu.

Laiti Kioko angeona.

Alhamisi, 3 Novemba

Ndinda anasema karatasi ya mani oda iko posta tangu jana. Nitashuka Jumamosi. Leo ni palizi kwa Mama Mutheu.

Mahindi yetu yametoka. Maji kidogo bado yametuama nyuma ya tuta la chini. Mwaitu amelala, jua limeshachomoza. Nimemwachia chai, imefunikwa kwa kitambaa kile, doa halikutoka. Viganja vimekuwa vigumu. Kioko akija Desemba atavishika, na nitamweleza kila kitu.

Wanapita barabarani sasa, wanaimba. Wamefika kwenye ubeti wangu.