Kifungo cha Pili

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo. Mama kifua kimetulia, cherehani yangu imepata mkanda mpya, na jirani bado anaimba akioga.

Tulikuona kwenye televisheni, kwenye zile karata zenu za mamilioni. Mtangazaji akakuuliza nani alikufundisha, ukacheka, ukasema, "Nilijifunza mwenyewe." Mama alipiga makofi. Mimi nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwenyewe? Nani alikaa nawe kitandani ulipougua surua, akakuonyesha namna ya kumtisha mwenzako huku umeshika karata mbovu? Wala hukuwahi kunishinda, maana kila ukidanganya ulishika kifungo cha pili cha shati. Bado unakishika.

Juzi alikuja mteja kupunguziwa suruali. Akaona picha yako ukutani, akasema Jumamosi mtacheza meza moja. "Huyu uso wake ni ukuta," akasema. "Sijui kipaji hiki kakitoa wapi." Hapo kijicho kikanipanda. Nikamwambia atazame kifungo cha pili. Nilikuwa na pini mdomoni, na bado maneno yalitoka vizuri kabisa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndani ya furushi hili kuna shati nililokushonea jana. Halina kifungo hata kimoja, unalivaa kwa kulipitishia kichwani. Livae Jumamosi. Na wakikuuliza tena nani alikufundisha, jibu liko hapa chini.

Dada yako