Nimekufunikia Chako

Timbwani, Likoni
Machi, 1961

Dada yangu Dhahabu,

Shikamoo, dada, wewe na shemeji Boga, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Natumai karatasi hii itawakuta mkiwa wazima, na mguu wa shemeji umekubali sasa kuingia kwenye kiatu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua bado, maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, na kwenye feri watu wanabishana kutwa juu ya mwambao, kama uwe wa Sultani au wa Kenya, mpaka wengine wanasahau kushuka.

Nimechelewa kukuandikia. Usidhani nimekusahau. Nilipatwa na jambo lililonitoa akili, na kila nilipoketi niandike nilishindwa pa kuanzia. Leo nitaanza pale nilipotoka eda.

Siku hiyo wifi yangu Mwanatabu alikuja mapema kunisimamia, nikaoga, nikavua nguo nyeupe, na wanawake wakajaa barazani na udi wao na maneno yao. Nilidhani gumu limekwisha. Miezi yote ile ya kukaa ndani nilikuwa nikimkumbuka Mwinyihaji kwa vitu vidogo tu. Alivyokuwa akikohoa kabla ya kubisha hodi, nisishtuke. Alivyonuka mafuta ya kamba za feri hata baada ya kuoga. Na jambo letu moja, ambalo sijapata kumwambia mtu. Alipokuwa na zamu ya mwisho, nilimwekea chakula chini ya kawa langu nililolisuka mwenyewe, nikaenda kulala. Akiingia, hata nikiwa nusu usingizini, nilimwambia kutoka nyuma ya pazia: nimekufunikia chako. Miaka yote ya ndoa yetu sikuyabadilisha maneno hayo. Hatukujaliwa mtoto wa kuyasikia, na nyumba ilikuwa yetu wawili. Si maneno ya maana, dada, lakini yalikuwa yetu.

Basi wanawake wamekaa, kahawa inazunguka, akaingia Nyamvula. Unamjua, mke wa Gona, yule Mrabai wa nyuma ya ua wetu, aliyenitekea maji eda yote, na ambaye wewe ulimtania kwamba uji wake unatiwa sukari kwa kunuiwa. Alikuja na sahani ya viazi vya nazi, amejifunga leso mpya, rangi ya manjano na nyeusi, bado ngumu haijaingia maji. Aliinama kuweka sahani mbele yangu, kisha akageuka kumwamkia Mwanatabu, nami nikausoma mgongo wake. NIMEKUFUNIKIA CHAKO.

Nilisoma tena. Nilidhani ni macho yangu, yaliyozoea giza la ndani. Lakini maneno yalikuwa palepale, juu ya pindo, kwa herufi kubwa, na katikati ya leso limechorwa kawa.

Wenzangu nao walikuwa wamekwisha kusoma. Mwanatabu aliuliza, si kwa sauti ya kunong'ona, huyu leo kamfunikia nani nini. Mwingine akajibu kwamba hayo aulizwe aliyefunika, maana ndiye ajuaye kilichomo. Wa tatu akasema afadhali yeye amefunika, kuna wenzake wanaacha wazi na nzi wakaingia. Walicheka, na Nyamvula akacheka nao, akajizungusha ili waione leso vizuri zaidi. Kucheka kule ndiko kulikonimaliza.

Wewe umezaliwa pwani hii, sina haja ya kukueleza. Mwanamke hafiki mlangoni kwa mwenzake na leso ambayo hajaipima jina lake. Na jina lile lilikuwa maneno ya chumbani kwangu. Nilijiuliza aliyapata wapi, na kila jibu lilikuwa baya kuliko jingine. Ama Mwinyihaji alikaa naye akamsimulia mambo yangu, ama Nyamvula naye alikuwa akimfunikia, na maneno ni yake kama yalivyo yangu. Gona yuko Changamwe kwenye kibarua, harudi ila mwisho wa mwezi. Nikaanza kuukumbuka kila usiku ambao Mwinyihaji alichelewa akasema ni maji kupwa, au ni mashine. Maiti haulizwi, dada. Nilikuwa nimemlilia mtu mmoja miezi minne, na siku ya kunyanyuka nikaambiwa huenda nilimlilia mwingine.

Viazi vile sikuvionja. Kesho yake niliirudisha sahani. Mama alitufunza kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, japo uweke ndimu moja, japo chumvi. Mimi niliirudisha tupu, nimeifudikiza. Nyamvula aliipokea, akaitazama chini na juu, akaniuliza kama ninaumwa. Nikampa mgongo nikarudi kwangu. Tangu hapo hakuja tena, na ndoo yangu ya maji ikakaa mlangoni hivi hivi mpaka nilipoibeba mwenyewe.

Siku chache baadaye nilivuka kwenda mjini kununua uzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda feri bila ya Mwinyihaji kuishika kamba, kwa hiyo nilisimama kwenye chuma cha pembeni nikatazama miguu ya watu, nisitazame kamba. Mbele yangu palikuwa na pindo la manjano na nyeusi. Nikainua macho. Hakuwa Nyamvula. Alikuwa mwanamke mrefu, wa Mtongwe, nisiyemjua hata kwa sura, na jina ni lile lile. Karibu na gari la makaa alikuwapo mwingine, mzee, amejitanda ile ile kichwani. Kwa muda kidogo niliwaza jambo ambalo naona haya kuliandika, kwamba marehemu alikuwa na wanawake kila upande wa maji.

Nilimwuliza yule wa Mtongwe leso ile kaitoa wapi. Alifurahi kuulizwa. Akasema imeshuka juzi tu kutoka melini, iko kwa tajiri Nurali, na nikitaka nifanye haraka kwa sababu wanawake wanang'ang'aniana. Yeye kainunua amvalie mke mwenziwe, ambaye mambo yake kayafunika vya kutosha, sasa ayasome mwenyewe. Nikamwuliza nani kalitunga jina. Akanishangaa, akasema majina ya leso hayana mama, mwenzangu, huokotwa.

Uzi sikununua. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Nurali. Ni mzee mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipoona nauliza jina badala ya rangi, akaanza kunizungusha kama alivyosema yule mwanamke, kwamba majina huja na upepo. Nikamwambia mimi ni mke wa Mwinyihaji wa kwenye feri. Akauliza mbona mwenyewe haonekani siku nyingi. Nikamwambia amefariki kwa homa ya mapafu tangu kusi halijaisha. Mzee yule aliweka mkasi chini, akanivutia robota la nguo nikae, naye akakaa. Alikuwa hajapata habari.

Dada, aliyonieleza siku ile bado sijayamaliza kuyameza. Mume wangu alikuwa mtunzi wa majina ya leso. Miaka na miaka, siku zake za mapumziko, alikuwa akija kukaa juu ya marobota yale na kumwambia Nurali aliyoyasikia. Alikuwa akisema kwamba watu wakipanda feri hudhani mngurumo wa mashine unawafichia siri, kumbe ndio unaowafanya wapige kelele. Yeye anavuta kamba, wao wanasutana, wanabembelezana, wanaagana, naye anachagua. Unaikumbuka ile leso ya ASHUKE WA KWANZA NDIPO APANDE WA PILI, iliyotaka kuvunja harusi hapa Timbwani, mke mkubwa na mke mdogo wakashikana nywele mbele ya bwana harusi? Ilikuwa ni maneno ya kazi tu. Ndiyo waliyowaambia abiria yeye na wenzake kila siku, washuke hawa kwanza ndipo wapande wale. Siku ya ugomvi ule Mwinyihaji aliondoka kwenda kucheka nyuma ya choo, mimi nikidhani tumbo linamsumbua.

Malipo yake yalikuwa jozi ya leso, na siku zote alichagua yenye jina lililotungwa na mtu mwingine. Ndiyo sababu nilivaa leso mpya kabla ya wanawake wote wa Likoni, nikadhani mume wangu anajua kununua.

Nikamwuliza Nurali juu ya hii ya manjano. Alisema hiyo ndiyo peke yake ambayo Mwinyihaji hakuitoa kwenye feri. Aliizungumza kwa haya, akiangalia mlango. Na siku aliyokuja nayo alichukua kawa chini ya kanzu, ili mchoraji alione. Kawa langu, dada, ambalo lilipotea kutwa nzima nikawasingizia kuku wa Nyamvula. Nurali aliifungua leso juu ya meza, na hapo ndipo nilipoutambua ule mstari mweusi wa kawa unaokatika kabla ya kufunga duara, kwa sababu nilipokuwa nikilisuka rangi iliniishia. Mchoraji aliuchora vile vile ulivyokatika. Nurali anasema alimwonya Mwinyihaji kwamba maneno yakishafika mgongoni mwa mtu yanageuka kijembe, hata yakiwa ya mapenzi. Mwinyihaji akajibu kwamba hilo analijua, nao wageuze watakavyo, yuko mmoja atakayeyasoma sawasawa.

Safari hiyo, kwa mara ya kwanza, aliomba jozi yake iwe hiyo hiyo. Meli ikachelewa, yeye akatangulia. Nurali aliitoa chini ya meza, ilikuwa imefungwa kwa gazeti. Sikuweza kumshukuru. Niliondoka nayo kifuani kama mtu aliyeiba, na kwenye feri niliketi peke yangu nikalia mbele ya watu, wala sikujali.

Nilikuwa nimemkosea marehemu, na huyo nitamwombea dua. Lakini Nyamvula yu hai na ukuta wake naugusa kwa mkono. Jioni ile ile nilipika wali na samaki wa kupaka, nikamfunikia kwa kawa lenyewe, nikapita uani. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinuka. Alisema huko ndani hakuna sahani yangu ninayoidai. Nikamwambia nimekuja kumwuliza kwa nini aliinunua leso ile. Akajibu kwa uchungu kwamba alipita dukani akaona kawa langu limechorwa, na ule mstari wangu uliokatika, akajiambia hii lazima anivalie mimi siku yangu ya kutoka, nipate kucheka. Nikamwuliza na jina je. Akauliza jina gani.

Dada, Nyamvula hajui kusoma. Jirani miaka yote hii, nami sikujua. Leso zote alizonunua alinunua kwa picha.

Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho. Alishika kichwa, si kwa ajili yangu, bali kwa kukumbuka kwamba alitembea na maneno yale kutoka hapa mpaka sokoni, ndiyo maana wanawake wa kisimani walikuwa wakimpisha kwa adabu. Akaingia ndani mbio, akatoka na leso zake zote, akanitupia mapajani, akaniamrisha nisome. Nilisoma moja moja, naye akilia na kucheka. Moja ilimwambia mtu aliyekuja kula arudi kwao akapike. Hiyo alikuwa akiivaa kila Krismasi kwenda Rabai kwa mama mkwe, akishangaa mbona siku hizi yule bibi akija huku anakuja na sufuria yake. Tuliula ule wali sote wawili, na asubuhi ndoo yangu niliikuta imejaa.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Nilirudi kwa Nurali kumshukuru. Akaniuliza, kwa kuwa Mwinyihaji hayuko, nani atamletea majina. Nikasema sijui. Akauliza kama mimi sina hata moja. Nami kabla sijafikiri nikalitoa moja, kana kwamba lilikuwa mdomoni likingoja.

Ni lako, dada. Ni lile uliloniambia ulipopanda lori kurudi kwenu Vanga baada ya matanga, umeshika kikapu, hutaki kunitazama. Ulisema: usinisindikize, utanirudisha. Nami nilisimama pale kwenye kona kama ulivyotaka, sikusogea.

Nurali aliliandika papo hapo. Akasema kuna watakaomvalia mume aliyewaacha, na kuna watakaomvalia mgeni asiyeondoka. Akauliza picha gani, nikamwambia kikapu. Limekwisha kwenda na meli kupigwa chapa ng'ambo, halirudi. Nilifanya bila kukuomba ruhusa, kama mume wangu alivyonifanyia mimi, na ninajua jinsi mtu anavyoshtuka kuyakuta maneno yake kwenye mgongo asioujua.

Basi siku moja huko Vanga mwanamke akikupita na kikapu kwenye leso yake, usimwulize kakusudia nini wala usimrudishie sahani tupu. Hakukuambia kitu yeye. Ni mimi niliyekuambia.

Nisalimie shemeji Boga, umwambie asiulazimishe mguu. Nyamvula anakusalimu sana, anasema uji wake sasa una sukari, uje uonje. Nakuombea afya na subira ya kunisamehe, inshallah.

Mimi mdogo wako,
Mwanarehema