Matundu Matatu Ubavuni

Jumatatu, 6 Oktoba
Sare za shule zimekwisha. Kisha nimeshona gauni langu la nne la hospitali: upande wote wa kushoto wazi, unafungwa kwa kamba. Baba mdogo alipopasuliwa pafu alichanwa toka mgongoni hadi kifuani. Mkono haukuinuka kwa miezi. Daktari wangu anasema atatoboa matundu matatu tu, kamera ipite, akate kipande cha pafu langu chenye saratani. Uvimbe bado mdogo. Nisingeanguka na pikipiki nikapigwa picha ya kifua, usingeonekana. Sijamwamini. Mimi fundi cherehani. Kazi ya ndani haifanyiki bila kufumua.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelazwa. Kesho ndiyo kesho. Mume wangu Saidi anaongea habari za mvua mfululizo, maana yake anaogopa. Mimi pia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Niko hai. Mrija ubavuni, kukohoa kunauma vibaya. Asubuhi nimejikuta nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Nikausimamisha juu, nikautazama. Nikacheka. Nikajuta kucheka.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mrija umetoka. Nimeomba kioo. Matundu matatu kweli. Mawili mshono safi, la tatu limekwenda mshazari. Nikamwambia daktari. “Ile ni mimi nilishona, Mama. Iko sawa tu,” akasema bila kuona haya. Nimemsamehe. Nilikaribia kumbusu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nyumbani. Wifi yangu wa Gahanga, aliyejifungua juzi, amebeba magauni yote manne. Anasema ndiyo hasa ya kunyonyeshea. Mtoto itabidi apende upande wa kushoto. Saidi amecheka mpaka akatoka nje.
Majibu ya maabara bado. Tezi za karibu zikiwa zimeguswa na saratani, nitatundikiwa dawa kali. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 21 Oktoba
Tezi safi. Saratani imetoka yote. Hakuna dawa ya kutundikiwa, ni kurudi kupigwa picha tu. Daktari amerudia mara mbili kwa Kinyarwanda, Saidi akaomba ya tatu. Tumekula brosheti, yaani mishikaki, saa nne asubuhi, watu wanatushangaa. Nina furaha mpaka tumbo linauma.

Jumamosi, 25 Oktoba
Dukani, nusu siku. Mama mmoja wa Kibagabaga amekuja na binti yake na kitambaa cha gauni lake la harusi. Tangu nilipoambiwa ugonjwa wangu, nilikuwa sipokei kazi inayotakiwa baada ya zaidi ya mwezi. Anasema hana haraka, harusi ni Julai. Nimempima binti mabega. Nikamwambia mama yake hata mimi sina haraka.