Fundi Kazini

Kaka Maduhu, shikamoo.

Najua ungeitikia huku pini ziko mdomoni, bila kuinua kichwa. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nilikucheka mbele za watu. Aibu niliyoisambaza kwa simu yangu mwenyewe siwezi kuifuta kwa kunong'ona kaburini kwako Magu.

Unakumbuka kibaraza chako pale Mabatini, mbele ya duka la vitambaa? Januari wazazi walikuzunguka wakigombea sare, lakini mimi ulinipitisha mbele ya wote. "Simama wima, mikono chini," ulikuwa ukiniambia. "Usijinyanyue na vidole, Kabula, futi inakuona." Kisha ulinishonea sketi yenye pindo nene kuliko za darasa zima, na kila mwaka ulilifumua kidogo ili sketi inifikie magotini. Wenzangu waliniita Pindo. Nilikununia wiki nzima, ukanijibu kwa utulivu wako ule: "Bado unakua, acha nguo ikusubiri." Nilifika kidato cha tatu na sketi ileile.

Pombe ilikuingia polepole, au sisi ndio tulichelewa kuiona. Mimi niliiona kwenye uzi. Asubuhi ulihangaika kuutunga kwenye sindano, unaulamba, unaukosa, unaulamba tena. Ukishatoka nyuma ya duka kuzimua na gongo kidogo, uzi ulipita mara moja. Nikakukejeli mbele ya wateja wako: "Fundi gani huyu, bila gongo haoni tundu la sindano!" Walicheka. Nawe ulicheka, ukainamia cherehani. Sikujiuliza kwa nini mkono utetemeke ukikosa pombe na utulie ukiipata. Ningejiuliza hilo swali moja, barua hii nisingeiandika.

Halafu mama alikuja kutoka Magu, akakaa sebuleni kwangu Buswelu, akalia. Uliapa mbele yake kwamba umeacha kuanzia siku hiyo. Mimi nikajitwika kazi ya kukulinda: utakaa kwangu, geti litafungwa, na viatu vyako nitavificha. Mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye akili hapa." Maneno hayo yalinipanda kichwani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mama halijui mpaka leo, na atalijua atakaposomewa barua hii. Mama alipoenda kuoga, ulinifuata jikoni. Ulisema kwa sauti ya chini, "Kabula, twende kwanza hospitali wakanione. Niliwahi kuacha ghafla, niliumwa sana. Mwili ulinigeuka." Nami, mwalimu wa watoto wa watu, nikakujibu bila kugeuka, mwiko mkononi, "Hospitali ni ya wagonjwa. Wewe unaumwa uroho tu." Kisha ukasema, "Haya, mdogo wangu," ukatoka. Mama aliporudi tukakaa kula na sikumwambia kitu, na jioni akapanda gari kurudi Magu.

Siku ya kwanza jasho lilikuloanisha shati. Nikasema ni uchafu unatoka. Mikono ilitetemeka mpaka uji ukamwagika kifuani, nikasema ni malaria, nikakununulia dawa ya mseto pale dukani bila hata kipimo. Siku ya pili ulikuwa hujapata usingizi kabisa, chakula unakisukuma, kila mlango ukigongwa unaruka. Mimi nilikuwa naandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Siku ya pili, kaka hajagusa!" Pongezi zikamiminika. Baba mdogo akaniita mwanamke wa shoka. Nilikuwa nasoma zile pongezi huku wewe ukitetemeka kwenye kochi, hatua tatu kutoka nilipokaa.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikukuta umekaa ukingoni mwa kiti, miguu inakanyaga kanyagio lisilokuwepo, mikono inasukuma kitambaa kisichokuwepo. Ulikuwa unashona, kaka. Ulikata uzi wa hewa kwa meno, ukaukung'uta mshono, ukautazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikaangua kicheko, nikachukua simu, nikaanza kurekodi. Uliponiona uliinuka, ukanyoosha futi ambayo hukuwa nayo kutoka begani kwangu hadi kwenye kifundo cha mkono, ukaniambia nisimame wima. Nikasimama, simu juu, nacheka hadi machozi. Nikaituma video hiyo kwenye kundi na maneno mawili: "Fundi kazini!" Ukoo mzima ulicheka nami. Mmoja tu aliuliza kama una homa, nami nikamjibu kwamba pombe inaaga.

Mchana, wali ukiwa jikoni, nilisikia kiti kimeanguka. Ulikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, kisha ukaanza kutikisika wote. Mimi na jirani tulikupakia kwenye bajaji yake mpaka hospitali. Nesi aliyetupokea aliniuliza uliacha lini kunywa. Unajua nilivyomjibu? Nilimjibu kwa majivuno, hata saa ile. "Leo siku ya tatu, nesi, hajagusa hata tone." Aliweka kalamu chini, akakimbilia kitandani kwako.

Walihangaika nawe mpaka kesho yake adhuhuri, wakashindwa. Baadaye nesi yule alinikalisha kwenye benchi, akanieleza bila kunikaripia, na heri angenikaripia. Alisema mwili wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka huwa umejipanga kuishi na pombe. Ukikatiwa ghafla, unalipuka. Huanza na kutetemeka, jasho na kukosa usingizi. Wengine hupata degedege. Wengine, siku ya pili au ya tatu, huona visivyokuwepo, na baadhi yao hufanya kwa mikono kazi zao za kila siku, mvuvi anavuta nyavu, fundi anashona. "Hapo mtu yuko hatarini, si kichekesho," alisema, ingawa alikuwa hajaiona ile video. Akasema kuna dawa za kuutuliza mwili, kuna dripu na vitamini, na mtu hulazwa akaangaliwa mpaka avuke. "Angekuja siku ile ya kwanza tungemlaza," akamaliza. Siku ya kwanza ulikuwa umesimama jikoni kwangu, unaniomba.

Msibani walisema pombe imemuua fundi. Mhubiri akakufanya somo kwa vijana. Nami nilikaa pembeni ya mama, nikaitikia kwa kichwa. Nisamehe kwa hilo pia. Pombe ilikuharibu, sibishi. Lakini wewe ulikuwa umekubali kuiacha, ulijua njia ya kuiacha, na mimi ndiye niliyeufunga mlango.

Wengine waliifuta ile video. Mimi sijaifuta. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alikuja ofisini anang'aa, mume wake ameapa kuacha pombe Jumatatu, wamepanga kumfungia ndani. Nikampa simu. Alianza kucheka kama tulivyocheka sote. Nikamwambia mtu huyo ni kaka yangu, na kwamba kesho yake alikufa. Jumatatu walimpeleka mumewe hospitali kwanza. Yuko hai, anakula, ananisalimia kwa heshima, na kila akinisalimia natamani kujificha chini ya meza.

Kwenye ile video kicheko changu kinafunika kila kitu. Miezi yote hii niliitazama nikidhani unabwabwaja tu. Jana usiku nikiwa peke yangu, watoto wangu wamelala, niliweka simu sikioni badala ya kuitazama. Chini ya kicheko nikakusikia. Ulikuwa umekwisha kunipima. Ulikuwa humjui hata aliyekuwa anakucheka, lakini kipimo chake ulikijua, kile cha msichana wa kidato cha kwanza. Ukasema taratibu, kama unamtuliza mtoto aliyenuna:

"Tutaacha pindo. Bado unakua."

Kaka, nina miaka arobaini na moja. Pumzika. Mama nimemwita aje Jumapili, nitamsomea mwenyewe, nimesimama wima, mikono chini.

Mdogo wako,
Kabula