Jibu Nililomfundisha Chiriku

Chumba Na. 6,
Ghorofa ya juu, kwa Dobi.
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote waliomo nyumbani. Miguu imeacha kuvimba? Na Bibi, bado anagombana na dawa zake? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utacheka mpaka mbavu zikuume: siku hizi mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Ndiyo, mimi yule yule niliyekuwa navuta mkia darasani. Kila Jumamosi nikimaliza kupiga pasi hapa kwa dobi, najitolea kuwafundisha vijana wahamiaji tisa katika chumba cha nyuma cha maktaba. Viti ni vya watoto, magoti yanatufika kidevuni.

Nilianza na salamu, kama ulivyotulea: ukiulizwa hali, jibu njema kwanza, shida utazisema ukiulizwa tena. Wakakariri vizuri sana. Kusema shida zenyewe sikuwafundisha, tulikuwa hatujafika huko.

Miongoni mwao yumo binti wa miaka kumi na saba, aliyekuja peke yake. Wenzake wanamwita Chiriku kwa utani, maana hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Bega lake lilivunjika safarini, likaunga vibaya. Wiki iliyopita alipelekwa kwa daktari ambaye ripoti yake ndiyo itakayoamua kama ofisi ya uhamiaji itamwacha abaki atibiwe, au itamrudisha alikotoka.

Daktari alimwuliza hali. Akajibu nilivyomfundisha, na tabasamu juu: hajambo kabisa, anashukuru. Kisha akasubiri kuulizwa tena. Hakuulizwa. Daktari akaandika kwamba bega limepona.

Shangazi, uliwahi pia kutuambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo mimi sikuwapa. Nilimwendea daktari nikamwambia kosa ni langu. Alikuwa na haraka, lakini amekubali kumwona tena kesho, dakika kumi tu, na mimi nibaki nje.

Leo tumefanya mazoezi, wawili tu. Nikajifanya daktari. Mara tatu nilimwuliza hali, mara tatu akasema njema. Mwishowe nikamwambia, “Binti yangu, nilikukosesha. Kwa daktari, adabu ni kusema panapouma.”

Akautazama mlango kwanza. Kisha akaanza, kwa Kiingereza cha kuungaunga: bega, na waliolivunja, na walivyokuwa wengi, na mdogo wake ambaye yeye alikuwa amembeba kwa mkono huo huo. Miezi mitano namfundisha, sikujua alikuwa na mdogo. Mimi niliyemwomba aseme, nikatamani anyamaze.

Nisalimie Bibi, na Kaka Mbishi, na mapacha wake. Mungu awalinde ndani ya nyumba na nje yake. Na kama barua itachelewa, mwombee Chiriku hata hivyo: kesho, saa tatu asubuhi, asiwe na adabu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye vile vile,
Wa Mwisho Kuamka