Aiskrimu za Idd

Baba Mwanaidi,

Nimekwenda Mahurunga kwa mama, na watoto nimewachukua. Kuku uwafungie kabla ya magharibi.

Nilikutuma utafute duka lenye aiskrimu nzuri kuliko yote hapa mjini, tuwanunulie watoto siku ya Idd. Sikukutuma ukale mchana wa Ramadhani! Leo asubuhi Marlene, yule muuza aiskrimu wa sokoni, kaniuliza bombani mbele za watu kama hatimaye umependa ya nazi au ya embe, maana kila mchana uko kwake unalamba. Nikakuuliza, ukanijibu bila haya eti unaonja tu kwa ncha ya ulimi, kama mpishi anavyoonja chumvi ya mchuzi. Mpishi hutema, bwana. Wewe ulitema wapi? Mwanaidi mtoto mdogo kafunga mpaka midomo imemkauka, na baba yake anachagua ladha!

~~Futari yako nimeifunika hapo mezani.~~ Mihogo ya nazi nimeibeba, wataila waliofunga.

Sufuria yake iko jikoni, sijaiosha. Adhana ikilia, onja kwa ncha ya ulimi.

Mama Mwanaidi